MWILI NI AMANA: SIGARA NA CHAKULA KATIKA NYUMBA YA MUISLAMU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Somo la Ijumaa hii linahusu mambo mawili yanayopita katika kinywa cha mtu kila siku: moshi na chakula. Pengine utauliza, haya si mambo ya munganga na kituo cha afya? Yanafika vipi msikitini? Yanafika kwa sababu mwili wako si mali yako. Ni amana. Katika hadithi aliyoipokea Abu Barza (r.a.), nayo imo katika Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama miguu ya mja haitaondoka mahali pake mpaka aulizwe juu ya umri wake, elimu yake, mali yake na mwili wake. Sasa tazama, ndugu yangu: sigara inagusa matatu kati ya hayo manne kwa mara moja. Inapunguza umri, inateketeza mali, inaharibu mwili. Na ukishasoma karatasi hii hadi mwisho, itakugusa na ile ya nne, yaani elimu, kwa maana hutaweza kusema tena kwamba hukujua.

1. DINI INASEMA NINI JUU YA TUMBAKU?

Wapo wanaosema: "Nionyesheni aya iliyotaja sigara." Ni kweli, neno sigara halimo katika Qur'ani wala katika hadithi. Sababu yake ni wazi. Tumbaku ni mmea wa Amerika. Watu wa Ulaya waliukuta huko mwaka 1492, na ulifika katika nchi za Waislamu mwishoni mwa karne ya 16, karibu miaka elfu moja baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki. Lakini Uislamu haukutupa orodha ya majina tu, ulitupa pia misingi ya kupimia kila jambo jipya. Misingi yenyewe ni hii:

Kwanza, katika Suratul-Baqara aya ya 195 tumekatazwa kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Katika Suratun-Nisaa aya ya 29 tumekatazwa kujiua.

Pili, katika Suratul-A'raf aya ya 157 Mtume (s.a.w.) ametajwa kuwa ni mwenye kuhalalisha vilivyo vizuri na kuharamisha vilivyo vibaya. Jiulize mwenyewe: sigara iko upande gani? Kama ni katika vizuri, mbona mvutaji hasemi Bismillahi anapoiwasha, wala Alhamdulillahi anapoizima?

Tatu, iko kanuni kubwa iliyotoka katika hadithi ya Mtume (s.a.w.), nayo imo katika Ibn Majah na katika Muwatta ya Imamu Malik: haifai kujidhuru wala kuwadhuru wengine.

Nne, katika Suratul-Israa aya ya 26 na 27 wenye kufuja mali wameitwa ndugu wa mashetani.

Ni haki tuseme ukweli wote. Wanazuoni wa zamani walitofautiana. Tumbaku ilipoingia katika nchi za Kiislamu, Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri, katika wafuasi wa Imamu Malik, aliikataza. Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku mwaka 1633. Lakini Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus aliandika kitabu cha kuitetea. Kwa nini walitofautiana? Kwa sababu madhara yake yalikuwa bado hayajaonekana kwa dalili. Kila mmoja alihukumu kwa kile alichokijua.

Mambo yalibadilika mwaka 1950. Mwaka ule, huko London, watafiti wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Kisha, kuanzia mwaka 1951, waliwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, muda wa miaka 50. Hesabu ya mwisho ilitolewa mwaka 2004: mvutaji anapoteza kwa wastani miaka 10 ya maisha yake. Baada ya ujuzi wa namna hii kuenea, fatwa nazo ziliongezeka nguvu. Mwaka 2000 Mufti wa Misri, Sheikh Nasr Farid Wasil, alitamka wazi kwamba kuvuta sigara ni haramu, na wanazuoni wengi wa zama zetu wako katika rai hiyo. Hata wale wachache waliobaki wakisema ni makuruhu tu, hakuna hata mmoja wao anayesema ni jambo jema. Basi mtu mwenye akili atasimamaje mbele ya Mola wake akitegemea rai ya mtu aliyeandika kabla ya madhara kujulikana?

2. MOSHI UNAFANYA NINI NDANI YA MWILI?

Ndani ya moshi wa sigara mna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati yake zinajulikana kuwa zinaleta saratani. Tutaje matatu tu ambayo kila mtu anapaswa kuyafahamu.

La kwanza ni nikotini. Hii ndiyo kamba inayomfunga mvutaji. Baada ya kuvuta moshi, nikotini inafika katika ubongo kwa muda wa kama sekunde 10. Inapopungua mwilini, mtu anaanza kuhangaika, anakasirika, kichwa kinamuuma. Akivuta tena anatulia. Ndiyo maana anasema: "Sigara inanipunguzia mawazo." Hapana, ndugu yangu. Sigara inatuliza mahangaiko ambayo sigara yenyewe imeyaleta. Ni kama mtu anayekukanyaga mguu, halafu anaunyanyua mguu wake na kukudai ahsante.

La pili ni lami. Ni uchafu mweusi unaoganda ndani ya mapafu kama masizi katika sufuria ya makala. Humo ndimo inamoanzia saratani ya mapafu, ya koo na ya kinywa, pamoja na kikohozi kisichopona.

La tatu ni ile hewa ya sumu inayotoka pia katika makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa. Inachukua nafasi ya hewa safi katika damu, na moyo unalazimika kufanya kazi zaidi. Mishipa inaharibika, tansio inapanda, na mwisho ni kiharusi au moyo kusimama.

Kwa sisi wa Kongo kuna jambo jingine. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Na sigara inamfungulia mlango ugonjwa huo: mvutaji anaupata kwa urahisi zaidi, na akishaupata ni rahisi zaidi umuue. Kama wewe au mtu wa nyumbani mwako amekohoa wiki mbili au zaidi, usinunue dawa za kikohozi kwa muuza dawa wa njiani. Nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Katika Kongo yetu dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Na kutafuta dawa ni amri: Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama watafute matibabu, aliwajibu watafute, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo ameipokea Usama bin Sharik, nayo imo katika Abu Daud na Tirmidhi.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Wengine kati yao hawajawahi kushika sigara hata siku moja. Ni wake, watoto na wafanyakazi wenzake mvutaji, waliovuta moshi wa mtu mwingine.

Na wewe unayesema: "Babu yangu alivuta tangu ujana na alikufa akiwa na miaka 90," tunakujibu hivi. Mtumbwi uliojazwa watu kupita kiasi ukivuka Lualaba, siku nyingine unafika ng'ambo salama. Je, kwa kuwa jana ulifika, leo utampandisha mwanao? Hukumu haijengwi juu ya yule aliyevuka. Inajengwa pia juu ya wale waliozama, na hao hawapo tena kukusimulia.

Vijana wetu wa mjini nao wameingia katika chicha, wakidhani maji yaliyomo chini yanasafisha moshi. Maji yanaupoza tu, hayautakasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika kikao kimoja cha chicha mtu anaweza kuvuta moshi mwingi mara mia na zaidi kuliko moshi wa sigara moja. Na ule mdomo wa bomba unaopita toka kinywa hadi kinywa unapitisha na maradhi. Jirani zetu wameliona hilo: Tanzania iliipiga marufuku mwezi Julai 2016, na Rwanda mwezi Desemba 2017. Ugoro na tumbaku ya kutafuna navyo havina usalama: vinaleta saratani ya kinywa, na kamba ya nikotini ni ileile.

3. MOSHI UNAKULA SAHANI YA WATOTO

Hapa ndugu msomaji, tunakuomba uchukue kalamu. Wavutaji wengi hapa kwetu hawanunui pakiti. Wananunua sigara moja moja kwenye meza ya njiani, na kwa sababu hiyo hawaoni fedha zinavyokwenda. Tuchukue mfano. Tuseme sigara moja ni franka 100 na mtu anavuta 10 kwa siku. Hiyo ni franka 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi, 365,000 kwa mwaka. Kama kwenu bei ni nyingine, weka bei yako na upige hesabu mwenyewe. Kisha uiandike hesabu hiyo pembeni ya mambo haya: mayai ya watoto, kopo la ndakala, maharagi, daftari, kupimwa malaria.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2013-2014 juu ya afya ya watu ulionyesha kwamba katika nchi yetu watoto 43 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Maana yake, kimo chao kiko chini ya umri wao kwa sababu hawakupata chakula cha kutosha na kilicho bora, na mara nyingi akili zao nazo zinachelewa darasani. Katika nchi ya namna hii, baba anayechoma franka 1,000 kwa siku hachomi fedha zake mwenyewe. Imo katika Abu Daud hadithi ambayo Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale anaowalisha.

Na kuna jambo tunalolifanya bila kufikiri. Mzee amekaa kibarazani, anamwita mtoto: "Kaniletee sigara, iwashe kwenye makala ya mama." Mtoto anaiweka kinywani ili ishike moto. Siku hiyo mzee amemfundisha mwanawe kuvuta, tena kwa amri yake. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga (Bukhari na Muslim). Mchungaji hawaongozi mbuzi wake kwenye moto.

Kuna na wenye butike na meza. Ndugu mfanyabiashara, tunajua utasema: "Nikiondoa sigara, mteja atakwenda kwa jirani, na huko atanunua na sabuni na sukari." Hofu yako tunaielewa, faida ya duka dogo ni ndogo. Lakini Suratul-Maida aya ya 2 inatukataza kusaidiana katika dhambi. Anza hivi: usimuuzie mtoto hata mmoja, hata akisema ametumwa na baba yake. Kisha usinunue katoni mpya. Weka mahali pake karanga, mayai ya kuchemsha, ndizi. Riziki haipo katika mkono wa mteja, ipo kwa Mwenye kuruzuku.

Serikali nayo haikunyamaza. Kongo iliuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 ina sehemu inayohusu tumbaku. Lakini polisi hawezi kuingia chumbani mwako. Anayekuona chumbani ni Mola wako.

4. CHAKULA: TULE NINI, TULE VIPI?

Kuacha moshi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sahani. Katika Suratul-A'raf aya ya 31 tumeamrishwa kula na kunywa, lakini tusipite kiasi. Na katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.), iliyomo katika Tirmidhi na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake. Yanamtosha matonge machache ya kumsimamisha. Kama hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Wengine watacheka: "Sisi tunatafuta cha kula mara moja kwa siku, mnatuambia tusijaze tumbo?" Neno lao ni la kweli na hatulikwepi. Shida ya wengi wetu si wingi wa chakula, ni kula kitu kimoja tu. Bugali wa mihogo unajaza tumbo, lakini haujengi mwili wa mtoto. Penye bugali pawe na kitu cha kujenga mwili: maharagi, karanga, ndakala, yai, samaki wa Lualaba. Pawe na kitu cha kulinda mwili: sombe, lenga-lenga, matembele, embe, papai, avoka. Mengi katika haya yanaota nyuma ya nyumba, hayahitaji fedha ya sigara mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale matunda na mboga angalau gramu 400 kwa siku, sawa na magao matano ya kujaza kiganja.

Zingatia haya yafuatayo:

(a) Mihogo michungu ina sumu. Iloweke majini siku 3 kamili, ndipo uianike. Wakati wa njaa au haraka ya soko, watu wanailoweka siku moja au mbili tu. Matokeo yake yameonekana katika nchi yetu: ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watoto na wanawake ghafla, na hauponi. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kwango, na jina lake katika lugha ya Wayaka maana yake ni miguu iliyofungwa. Anayekula mihogo mitupu bila maharagi wala samaki yuko katika hatari zaidi. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemshwe sana.

(b) Chumvi. Kiasi cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, sawa na kijiko kimoja kidogo kisichojaa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Makayabu yalowekwe na kubadilishwa maji mara kadhaa kabla ya kupikwa. Zile kube za kutia ladha katika mchuzi zina chumvi nyingi. Ukitia kube, punguza chumvi. Tansio haipigi hodi. Wengi wanaijua siku wanapoanguka.

(c) Mafuta. Mawese mekundu ni neema ya nchi yetu, yana vitamini A inayolinda macho ya watoto. Lakini yasizidi, kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta mazito yanayochosha mishipa ukiyatumia kwa wingi. Na usiyaunguze mpaka yapoteze rangi, maana ile rangi nyekundu ndiyo yenye faida. Mafuta yaliyokaangia mandazi siku nyingi hadi yakawa meusi, mama mwuzaji, yamwage. Wateja wako ni watoto wa umma huu.

(d) Sukari. Chai yenye vijiko vitano na soda kila siku ni njia ya ugonjwa wa sukari. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

(e) Mtoto mchanga. Apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aongezewe vyakula laini huku akiendelea kunyonya. Suratul-Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Na mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi, si mabaki.

Hapa tuseme neno zito kidogo. Katika nyumba nyingi, kichwa cha samaki na minofu vinakwenda kwenye sahani ya baba, na mtoto anachovya bugali katika mchuzi. Tunaita hiyo heshima. Lakini baba amekwisha kukua, anayejenga mifupa na ubongo ni yule mdogo. Mtume wetu (s.a.w.) alikula katika sahani moja na mtoto mdogo, Umar bin Abi Salama, akamfundisha kwa upole ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake (Bukhari na Muslim). Nani kati yetu ana heshima kuliko Mtume? Baba, kata kipande chako, mpe mwanao na mpe mama yake mjamzito.

5. NJIA YA KUACHA SIGARA

Ndugu mvutaji, hatukuandika ili kukuaibisha. Wewe ni ndugu yetu katika safu, bega kwa bega. Na ushahidi kwamba unaweza kuacha unao wewe mwenyewe: ni Ramadhani. Nchi yetu imepitiwa na Ikweta, na saumu yetu ni kama saa 13 na zaidi kila mwaka. Saa hizo zote hugusi sigara, ukiwa mzima na unafanya kazi. Aliyekushikia mkono saa hizo 13 atashindwa kukushikia 11 zilizobaki? Basi fuata hatua hizi:

Moja. Weka nia na uchague siku. Usiseme "nitapunguza pole pole" bila tarehe. Ijumaa ijayo inafaa. Usisubiri Ramadhani, hujui kama utaifikia.

Mbili. Waambie mke wako na rafiki mmoja wa msikitini. Toa nje sigara zote, kiberiti na kibakuli cha majivu.

Tatu. Jua kwamba siku za kwanza hadi wiki ya pili ndizo ngumu. Hamu ikija, haidumu, inapita kwa dakika chache. Kunywa maji, tawadha, piga mswaki, tafuna karanga, tembea.

Nne. Hama kijiwe. Kama unavuta kila unapokunywa kahawa na watu fulani, badili mahali kwa mwezi mmoja. Wakikuuliza, waambie ukweli.

Tano. Ile fedha ya kila siku itie katika kopo lililofungwa. Mwisho wa mwezi livunje mbele ya watoto, waone wao wenyewe.

Sita. Ukianguka, usikate tamaa. Wengi walioacha hawakuweza mara ya kwanza. Tubu, chagua siku nyingine, anza tena. Shetani hafurahi ulipoanguka tu, anafurahi zaidi unapobaki chini.

Na malipo yanaanza mapema. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kutulia. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inashuka hadi kama nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu inakuwa karibu nusu. Wale madaktari wa Uingereza walioacha wakiwa na miaka 30 waliokoa karibu miaka yote 10. Walioacha na miaka 40 waliokoa 9, na miaka 50 waliokoa 6, na miaka 60 waliokoa 3. Mzee wangu mwenye miaka 60, usiseme umechelewa. Miaka mitatu ni Ramadhani tatu na swala zaidi ya 5,000. Umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, lakini sababu ametuamrisha tuzishike.

Mwisho, adabu ya msikiti. Mtume (s.a.w.) alimzuia aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi asikaribie msikiti, kwa kuwa malaika wanaudhika na kile kinachowaudhi binadamu (Muslim). Kitunguu ni halali na ni dawa, na bado harufu yake ilizuiliwa. Basi moshi wa tumbaku utakuwaje? Hadi siku utakapoacha, angalau usivute mbele ya mlango wa msikiti, na usije kwenye safu na harufu yake.

MASWALI YA KUJIPIMA NYUMBANI

1. Taja mambo manne ambayo mja ataulizwa Siku ya Kiyama. Sigara inagusa yapi?
2. Kwa nini wanazuoni wa zamani walitofautiana juu ya tumbaku, na nini kilibadilika baada ya mwaka 1950?
3. Piga hesabu ya sigara za mwezi mmoja kwa bei ya mtaa wako. Fedha hizo zingenunua nini?
4. Mihogo michungu inalowekwa siku ngapi, na kwa nini?
5. Wiki hii, nani katika nyumba yako alikula samaki au yai, na nani hakula?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape nguvu ndugu zetu wanaotaka kuacha, awaponye wagonjwa wetu, awalishe watoto wetu vilivyo halali na vizuri, na atufanye tuirudishe amana hii kwake ikiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

TANGAZO: Karatasi hii isisomwe wakati imamu anahutubia. Imetaja jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume wake, usiitupe chini wala usifungie bidhaa sokoni. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani asiyekuja msikitini, na asiyejua kusoma umsomee.